Saa na Mwamuzi

Msomaji mpenzi, wewe unayesoma huko Sigowet, au katika shule yo yote nyingine ya nchi ya majani ya chai, bila shaka umesikia sifa za Wilson Kiprugut Chumo. Mwana huyu wa Kericho ndiye aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mbio za mita 800, mjini Tokyo, mwaka 1964. Yeye na George Kerr wa Jamaika waliandikiwa wakati mmoja, yaani dakika 1 na sekunde 45.9. Ingawa nambari zililingana, waamuzi walimpa Kiprugut nafasi ya tatu, kwa kuwa ndiye aliyetangulia mstarini. Hapo twaona kwamba saa ni mtumishi wa waamuzi, wala si bwana wao.

Katika mbio, saa huanzishwa mara moja tu. Katika mpira wa kikapu, husimamishwa kila filimbi ipigwapo, kisha huanzishwa tena. Kwa hiyo mtunza saa aweza kukosea mara nyingi, na kosa la sekunde moja laweza kugeuza ushindi.

Kosa lililovuma kupita yote lilitokea Munich, Septemba 1972, katika fainali ya Olimpiki. Zilipobaki sekunde 3, Doug Collins aliwapa Wamarekani pointi 50 kwa 49 za Umoja wa Kisovieti. Mpira ukarudishwa uwanjani, lakini mchezo ukasimamishwa ikiwa imebaki sekunde 1, maana Wasovieti walidai kwamba waliomba mapumziko wasisikilizwe. Ndipo William Jones, katibu mkuu wa chama cha kimataifa cha mchezo huo, aliposhuka kutoka jukwaani na kuagiza sekunde 3 zirudishwe. Yeye hakuwa mwamuzi wa mchezo ule. Mpira ukachezwa saa haijatengenezwa. Honi ikalia, Wamarekani wakashangilia. Wakaamriwa kurudia tena! Mara hiyo Ivan Edeshko aliurusha mpira toka mwisho hadi mwisho wa uwanja, Aleksandr Belov akaudaka na kuutia kikapuni. Matokeo yakawa 51 kwa 50.

Wamarekani walikata rufani, wakashindwa kwa kura 3 dhidi ya 2. Wachezaji wao 12 walikataa nishani za fedha. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini je, mtu atakubalije kushindwa asipojua ni nani aliyemhukumu, na kwa sheria ipi?

Siku hizi kanuni za kimataifa zamruhusu mwamuzi kusahihisha kosa la saa, mradi mwamuzi mkuu hajatia sahihi karatasi ya mchezo. Katika dakika ya mwisho saa huonyesha hata sehemu za kumi za sekunde, na katika mashindano makubwa waamuzi hutazama picha kabla ya kukata shauri. Ikibaki sekunde 0.3, mchezaji aweza kudaka mpira na kuutupa. Ikibaki pungufu ya hapo, hana nafasi ya kuudaka kwanza.

Basi, msomaji, siku utakapokabidhiwa saa ya mchezo, ukikosea mwambie mwamuzi papo hapo. Sekunde moja iliyorudishwa mapema na mwenye haki ya kuirudisha haileti ugomvi. Munich zilikuwa tatu tu, na miaka zaidi ya hamsini haijazimaliza.