Fundi Alijengewa Karakana, Msomi Akapewa Bumu

Kwa sehemu kubwa ya miaka tangu uhuru, serikali ya Tanzania imekuwa na mikono miwili inapomsaidia kijana anayeendelea na masomo. Anayekwenda chuo kikuu imemlipia yeye mwenyewe: ada, chakula, malazi, na siku hizi zile fedha za kujikimu ambazo wanafunzi nchi nzima wanaziita bumu. Anayekwenda kujifunza uashi, umeme wa majumbani au uchomeleaji imemjengea karakana, ikamwajiria mwalimu na kumpunguzia ada. Yaliyobaki ikamwachia mzazi. Utaratibu huu ulijijenga hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na sababu zake, nyingine nzuri tu. Lakini ukiutazama kutoka Bariadi, mkoani Simiyu, na si kutoka Dar es Salaam, unaona gharama yake. Simiyu karakana ilichelewa kufika, na hata ilipofika ilikuta uchumi wa pamba, ambao kalenda yake haipatani hata kidogo na kalenda ya chuo.

Wakati wa ukoloni nchi hii ya Usukuma wa mashariki ilijulikana kwa jina la Maswa, na Bariadi ilikuwa ndani yake. Reli ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, na pamba ikawa na njia ya kutokea. Pamba ilileta vinu vya kuchambulia, na vinu vilileta mafundi wa kwanza wa mashine kuonekana na watu wa huku, wengi wao Wahindi. Msukuma aliyetaka kujua injini alijifunzia hapo hapo kinuni, kwa kubeba spana na kukodoa macho, bila cheti na bila msaada wa yeyote. Mpango mkubwa wa serikali wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947 wakati Malya ikiwa makao ya shirikisho la watemi, ulishughulika na matuta, malambo na kupunguza mifugo. Ulimtazama Msukuma kama mkulima na mfugaji. Kwamba anaweza kuwa fundi halikuwa jambo lililopewa uzito.

Shule za ufundi zilijengwa, lakini mbali. Ifunda, katika nyanda za juu kusini, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika majengo yaliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Moshi ikafuata mwaka 1957. Mwanafunzi wa Ifunda alikaa bweni miaka mitatu, kisha akapelekwa kwa mwajiri kumalizia uanagenzi wake. Inafaa tutue hapa kidogo, kwa kuwa huu ni mmoja wa nyakati chache ambapo fundi alikaribia kutunzwa kama msomi: alilishwa na kulazwa shuleni, kisha mwajiri akampokea. Kasoro ilikuwa uchache wa nafasi. Kijana wa huku, wa Nkoma au Dutwa, angeweza kusikia habari za Ifunda kama mtu anavyosikia habari za Makerere. Na miaka ya 1960 shule hizo mbili zikageuzwa kuwa sekondari za ufundi. Utaratibu ule wa bweni lililofuatwa na mwajiri ukapoteza makao yake.

Baada ya uhuru macho ya taifa yalielekezwa juu. Ada za sekondari zilifutwa mwaka 1964, na wanafunzi wa chuo kikuu walisoma kwa fedha za umma. Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu mia nne. Mjadala uliofuata, kuhusu deni la msomi kwa mkulima aliyemsomesha, uliingia katika fikra zote za Elimu ya Kujitegemea. Ulikuwa mjadala wa haki kabisa. Ila ulikuwa na wahusika wawili tu, msomi na mkulima. Fundi hakuwamo. Hakuna aliyeuliza anadaiwa nini, na kwa hiyo hakuna aliyeuliza anastahili nini.

Mwaka 1974 ulileta mambo mawili kwa pamoja: Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, na sheria ya mafunzo ya ufundi stadi. Mfumo uliofuata ulimtaka kijana aanze na mwaka mmoja chuoni, kisha aendelee kiwandani huku akipanda madaraja ya majaribio ya ufundi, la tatu hadi la kwanza. Mahali penye viwanda mfumo huu ulikuwa na akili: msaada wa mwanafunzi ulikuwa ujira wake mdogo wa kiwandani. Sasa upeleke Bariadi ya wakati huo. Mwajiri ni nani? Kinu cha pamba, kinachounguruma miezi michache kwa mwaka, halmashauri, na misheni moja moja. Msaada uliofungwa kwa mwajiri hauwezi kumfikia kijana ambaye kwao hakuna mwajiri, na hapo ndipo nchi iligawanyika kimya kimya kati ya mikoa ya viwanda na mikoa ya malighafi.

Kulikuwa na jaribio lililokwenda kinyume, nalo halipewi heshima yake. Kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na kimoja kikawa Malampaka. Mwanafunzi aliteuliwa na kijiji chake, akasoma useremala au uashi au ushonaji, akatarajiwa kurudi kijijini kufanya kazi. Kijiji kilikuwa kimeshika nafasi ambayo kwingine ilishikwa na mwajiri. Hili ndilo wazo lililoifaa Simiyu kuliko yote yaliyolitangulia. Lilikufa nusu kwa sababu zisizohusu ubora wake: uchumi uliporomoka mwishoni mwa miaka ya 1970, bajeti za vyuo zikakauka, na vyuo vyenyewe vikahama wizara hii na ile hadi vilipotua Wizara ya Elimu mwaka 2017.

Kisha ukaja wakati wa kuchangia gharama. Ada za sekondari zilirudi mwaka 1985. Chuo kikuu nacho kikaanza kumtaka mwanafunzi achangie. Hapa njia mbili zinaachana waziwazi. Sheria Namba 1 ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na kuipa chanzo chake cha fedha, tozo ya asilimia 2 ya mishahara kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wanne au zaidi. Miaka kumi baadaye, sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Tozo ile ya ufundi ikapandishwa hadi asilimia 6, na kwa miaka mingi theluthi mbili za makusanyo zikaelekezwa kwenye mikopo ya elimu ya juu, theluthi moja ikabaki VETA. Yaani tozo iliyobuniwa kwa ajili ya fundi ikawa inamlipia zaidi mtu wa shahada. Baadaye waajiri walilalamika, kwa haki, na kiwango kikashushwa mara kadhaa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Malalamiko yao yalihusu hasa ukubwa wa tozo. 

Mtu anaweza kujibu kwamba Simiyu haina haki ya kudai sana katika tozo hiyo, kwa kuwa haichangii kitu: mkulima wa pamba hana orodha ya mishahara. Ni hoja yenye sura ya uhasibu, na inasahau daftari nyingine. Vyama vya ushirika vya kanda hii, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani, vilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Afrika, na nguvu yake ilitoka kwenye mafungu ya pamba ya Maswa sawa na ya Kwimba na Geita. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na mamlaka ya pamba ikanunua moja kwa moja vijijini, sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ilizidi kupungua. Hiyo nayo ilikuwa kodi, ingawa haikuitwa hivyo. Juu yake kulikuwa na ushuru wa mazao wa halmashauri, uliofikia asilimia 5 kabla ya kupunguzwa hadi 3 kwa mazao ya biashara mwaka 2017. Mkoa huu umekuwa ukilipa miaka mingi. Umelipa shambani badala ya ofisini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ada ya VETA, wanasema, ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa na 120,000 kwa wa bweni, nani atashindwa? Kweli ni ada ndogo, na serikali inabeba sehemu kubwa ya gharama halisi ya kumfundisha kila mmoja. Lakini ada haikuwahi kuwa kizuizi kikubwa. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 bila chuo cha VETA cha mkoa; kijana wa Bariadi aliyetaka ufundi wa magari aliangalia Shinyanga au Mwanza, na huko kulikuwa na nauli, chumba cha kupanga, unga, ovaroli na vifaa vya mazoezi. Wa shahada aliyepanga chumba kama hicho alikuwa na bumu. Wa ufundi alikuwa na baba yake. Na baba analima pamba, ambayo hupandwa kuanzia Novemba na kuuzwa soko linapofunguliwa Mei. Chuo kinafungua Januari. Januari nyumba haina fedha, ina palizi. Inamhitaji yule kijana shambani wakati ule ule inaotakiwa kumtolea ada na kumuaga. Mwenye ng'ombe atauza mmoja. Asiye naye atamwambia mwanawe asubiri mwaka ujao, na mwaka ujao Januari itakuja vile vile.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona suala limekwisha kwa kuwa chuo sasa kimejengwa. Ni kweli kimejengwa: Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa minne, pamoja na Geita, Njombe na Rukwa, iliyojengewa vyuo vya mkoa sambamba na vyuo 25 vya wilaya, na ujenzi wa awamu nyingine kwa wilaya zilizobaki ukafuata. Ni hatua kubwa kwa mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 2,140,497. Chuo cha karibu kimefuta nauli na kodi ya chumba kwa wa Bariadi mjini. Wa Meatu mpakani mwa mbuga bado yuko mbali nacho, na Januari bado ni Januari kwa wote.

Wengine husema: basi wakopeshwe kama wenzao. Hapa ninaelewa kusita kwa Bodi. Mikopo ya elimu ya juu inarejeshwa hasa kwa makato ya mshahara, ambayo tangu mwaka 2016 ni asilimia 15. Fundi wa Bariadi hana mshahara wa kukatwa. Ana wateja, leo watatu, kesho hakuna. Kumpa mkopo wa namna ile ni kumtengenezea deni ambalo mtoaji hataweza kulikusanya na mpokeaji hataweza kulisahau. Lakini hoja hii inapinga mkopo tu. Haipingi ruzuku. Kama kozi ya miaka miwili inagharimu kidogo kuliko ya miaka minne, na wengi wa wanaoisoma wametoka nyumba zisizo na mshahara, basi ruzuku ndogo ya kujikimu kwa wachache waliohakikiwa ingekula sehemu ndogo mno ya fedha ambazo mwaka 2023/24 zilizidi shilingi bilioni 700 kwa wanafunzi wa elimu ya juu.

Tukiwa wakweli, ukuta umeanza kupasuka. Bajeti ya 2023/24 ilifuta ada kwa wanaojiunga na masomo ya ufundi katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya na Chuo cha Ufundi Arusha, na mwaka huo huo mikopo ikafunguliwa kwa stashahada katika fani za kipaumbele, shilingi bilioni 48 kwa wanafunzi wapatao 8,000. Kabla ya hapo, programu ya taifa ya kukuza ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ilikwisha kuanza kulipia vijana mafunzo ya uanagenzi, ikirudi bila kujitangaza kwenye wazo la Ifunda. Lakini tazama mstari umechorwa wapi. Stashahada imo. Cheti cha VETA, ambacho ndicho wanachosoma wengi wa watoto wa wakulima, hakimo. Msaada umeshuka ngazi moja na kusimama.

Na halmashauri? Zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na Simiyu imeonyesha fedha hizo zinaweza kuzaa kitu: vijana wa Maswa walitengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa, na mkoa ukajivunia kwa haki. Hata hivyo sheria inakopesha kikundi chenye mradi. Inamkuta kijana akiwa tayari anajua kazi, au inamlazimisha ajifanye anajua. Aliye chuoni, anayejifunza kazi yenyewe, hana mlango hapo. Marekebisho yanayohitajika si makubwa: halmashauri za mkoa wa pamba ziruhusiwe kutenga sehemu ya ushuru wa mazao, unaokusanywa kuanzia Mei, kwa ajili ya wanaoingia chuoni Januari inayofuata. Miezi saba inatosha kuwahakiki. Kijiji, ambacho mwaka 1975 kiliaminiwa kuteua wa kwenda Malampaka, kinajua vizuri kuliko fomu yoyote ya mtandaoni nani ana ng'ombe na nani hana.