WSDL: aina gani za data zionekane nje, na zipi zibaki ndani

Wakati benki inauliza kampuni ya simu kama makuta ya mteja yamefika, ni programu mbili ndizo zinazungumza. Ili zielewane, yenye kutoa huduma inatangaza maelezo yake: unaweza kuuliza nini, na utajibiwa kwa umbo gani. Kwa huduma zinazotumia SOAP, maelezo hayo yanaitwa WSDL. Toleo la 1.1 lilipelekwa W3C mwaka 2001 na makampuni Ariba, IBM na Microsoft. Huduma zinazolitumia zingali zinafanya kazi hadi leo.

Ndani ya WSDL kuna skima, yaani orodha ya aina za data. Mafundi wengi hawaiandiki kwa mkono; programu inaitengeneza toka kwenye kodi yao. Hapo njo shida inaanzia. Programu inatazama kila kitu huduma inachopokea ao kurudisha, kisha inafuata kila sehemu iliyo ndani. Kama «Malipo» inabeba «Mteja», na «Mteja» inabeba «NenoLaSiri», zote zinatangazwa. Ni kweli, WSDL haionyeshi neno la siri la mutu yeyote, inaonyesha tu kwamba sehemu hiyo iko. Lakini sehemu iliyo kwenye skima mara nyingi inajazwa pia kwenye jibu, na hilo si jambo la kuchezea.

Kinyume chake pia kinasumbua. Huduma inasema itarudisha «Malipo», kumbe inatuma «MalipoYaShule», iliyozaliwa na «Malipo». Programu inafuata yaliyotajwa. Mtoto asiyetajwa haimjui. Katika .NET, jibu linakwama kwa kosa kwamba aina hiyo haikutarajiwa.

Kwa .NET ya kawaida, XmlIgnore inaficha sehemu, na XmlInclude inaongeza aina iliyosahaulika. Kwa Java, kazi hizo ni za @XmlTransient na @XmlSeeAlso. Katika WCF, klasi ikiwekwa DataContract, zinatoka tu sehemu zenye DataMember. Kwa watoto wa klasi kuna KnownType. Namna ya WCF ina usalama zaidi, juu fundi akisahau, kitu kinabaki ndani.

Njia iliyo safi kabisa ni kutenga klasi za nje na zile za ndani, ao kuandika skima kwanza na kodi baadaye. Spring Web Services inakubali njia hiyo ya pili pekee.

Ila kuondoa aina kwenye huduma ambayo watu wamekwisha kuitumia kunaweza kuvunja programu zao, kwa hiyo wanapashwa habari mbele.

Kuhakiki ni rahisi: mara nyingi inatosha kuongeza ?wsdl mwishoni mwa anwani ya huduma na kusoma sehemu ya «types». Ikionekana tupu, usifurahi haraka. Pengine skima imewekwa kwenye faili ingine, na WSDL inaielekeza kwa neno «import».