Upungufu wa zinki (ulevi na maradhi ya ini)

Upungufu wa zinki ni hali ya mwili kukosa kiasi cha kutosha cha madini hayo. Huwapata sana walevi na wagonjwa wa sirosisi, yaani ini kujaa makovu. Mtafiti Bert Vallee na wenzake waliueleza nchini Marekani mwaka 1956.

Sababu. Mlevi hula kidogo, utumbo wake hufyonza madini kwa shida, na zinki nyingi hupotea kwenye mkojo. Fitati, kemikali iliyomo kwenye mahindi, huzidi kuzuia ufyonzwaji.

Dalili. Chakula hukosa ladha, vidonda huchelewa kupona, ngozi hubabuka na macho hushindwa kuona gizani.

Masasi na Newala. Wilaya hizi mbili za kusini mwa Tanzania, pamoja na Chidya iliyo Masasi, ziko katika ukanda wa korosho. Wakati wa mavuno mabibo, yaani matunda ya mkorosho, hukamuliwa, na maji yake huchachushwa kuwa pombe ya uraka au hukenekwa kuwa pombe kali ya gongo. Korosho yenyewe ina takriban miligramu 5 hadi 6 za zinki kwa gramu 100. Mwanamume huhitaji miligramu 11 kwa siku.

Tiba. Kuacha pombe chini ya uangalizi, kwani kuiacha ghafla huweza kuleta degedege. Kula dagaa, nyama na korosho. Na kumeza vidonge vya zinki kwa ushauri wa daktari, maana zinki ikizidi hupunguza madini ya shaba mwilini.