Kuvunjika kwa Umoja wa Forodha wa Rwanda na Burundi, 1964
Zilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Rwanda na Burundi zilibaki na forodha moja na faranga moja, iliyotolewa na benki yenye makao Usumbura, Bujumbura ya leo. Mwaka 1964 kila nchi ilianza kutumia faranga yake. Hoja ya mamlaka ya dola ilitimia. Hoja ya manufaa ilikuwa dhaifu zaidi: soko liligawanyika, na bahari ikabaki mbali vilevile. Mwaka 1976 zilikutana tena, pamoja na Zaire, katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 2007 zikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Anayeshauri kujitoa leo hana budi kueleza ni mapatano gani yatakayojengwa upya, na kwa gharama ya nani.