Hekaya za Unguja katika Chimbuko la Riwaya za Fantasia

Riwaya za fantasia zinazoandikiwa vijana, yaani masimulizi marefu ya kubuni ambamo uchawi, majini, wanyama wenye kusema na nchi zisizo katika ramani huaminika kwa muda wote wa kusoma, huchukuliwa na wasomaji wengi wa Afrika Mashariki kuwa ni bidhaa ya Ulaya na Marekani iliyowafikia ikiwa imekwisha kukamilika. Huchukuliwa hivyo pia riwaya za usimulizi upya, ambazo hutwaa hekaya ya kale, kama ile ya binti anayeteswa na mama wa kambo, na kuitunga tena kwa macho ya zama mpya. Historia ya vitabu hivyo ina sura nyingine ambayo haijulikani vya kutosha. Hekaya zilizosimuliwa Unguja katika karne ya 19 ziliingia katika vitabu vilivyowalea wasomaji wa Kiingereza kwa vizazi kadhaa, na mojawapo ilijadiliwa waziwazi katika mhadhara ambao hadi leo ni nguzo ya nadharia ya fantasia. Pwani ya Waswahili haikuwa mpokeaji tu wa fasihi hii. Ilipokea, ikageuza kwa mkono wake, kisha ikatoa.

Kupokea kulikuwa desturi ya zamani. Kwa karne nyingi upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha, na pamoja na nguo, vyombo na tende zilishuka bandarini hekaya ambazo zilikutana na ngano za sungura, fisi na mazimwi zilizokuwa zikisimuliwa tayari kwa lugha za Kibantu. Majumbani hekaya zilitolewa usiku, mara nyingi na bibi kwa wajukuu wake, msimulizi akiita "Paukwa!" na wasikilizaji wakijibu "Pakawa!", na kwa maitikio hayo wote wakakubaliana kuingia katika ulimwengu wenye kanuni zake. Msimulizi alirithi mfululizo wa matukio, lakini alikuwa na ruhusa ya kuongeza wimbo, kurefusha mazungumzo na kuuhamisha mji wa mbali akauweka pwani. Kwa hiyo usimulizi upya ulikuwa mwenendo wa kila usiku kabla haujawa aina ya fasihi andishi.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1864, alipofika Unguja Edward Steere, kasisi wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, ambaye baadaye alikuwa askofu na msimamizi wa ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Steere alihitaji kujifunza lugha ili aihubiri dini yake na kuitafsiri Biblia, akatambua kwamba Kiswahili kilichokomaa kilipatikana katika vinywa vya wasimulizi. Aliandika aliyoyasikia kwa hati za Kilatini, na mwaka 1870 akachapisha London mkusanyo wa hekaya za Unguja, maneno ya Kiswahili yakiwa upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Nia yake ilikuwa ya mwanafunzi wa lugha na ya mmisionari, lakini kwa kuyahifadhi maneno yenyewe alifanya jambo ambalo wakusanyaji wengi wa wakati wake hawakulifanya, kwani waliacha tafsiri peke yake na sauti ya msimulizi ikapotea.

Miongoni mwa hekaya hizo imo ya kima na papa. Kima anaishi katika mkuyu ulioinamia bahari na kumtupia papa matunda, hata wakawa marafiki. Siku papa anapomchukua mgongoni kwenda kwao, anamweleza njiani kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima hutembea bila mioyo, kwa kuwa huiacha juu ya miti, na kwa hila hiyo anarudishwa pwani akaokoka. Hurafa hii, yaani ngano fupi ya wanyama yenye funzo, imo katika Panchatantra ya Wahindi, nayo iliingia katika Kiarabu kwa Kalila wa Dimna, kitabu kilichotafsiriwa na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Mnyama wa majini alikuwa mamba huko India na kobe katika Kiarabu. Wasimulizi wa Unguja walimfanya papa, nao wakakisimulia pia kisa cha punda asiye na moyo wala masikio, ambacho kima anakitoa ili kumkatalia rafiki yake kurudi tena majini.

Hekaya ya Sultani Darai inaonyesha kwa uwazi zaidi namna usimulizi upya unavyobadilisha maadili ya kisa. Maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama anaokota thumni, akamnunua paa, na paa huyo mwenye kusema anapata almasi, anaipeleka kwa sultani kama posa kwa jina la bwana wake, anamwoza binti wa sultani, kisha anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba ya fahari. Wataalamu wa ngano huiweka hekaya hii katika jamii moja na kisa cha paka mwenye viatu, ambacho Charles Perrault alikichapisha Ufaransa mwaka 1697, na kabla yake kiliandikwa Italia na Straparola na Basile. Katika kitabu cha Perrault paka anakuwa mkubwa mwenye heshima na mambo yanaishia hapo, ilhali kwa Basile paka anajifanya amekufa ili ampime bwana wake, naye akiona anataka kutupwa dirishani, anaondoka. Msimulizi wa Unguja alikwenda mbali kuliko wote wawili. Paa anapougua kweli, bwana wake anaagiza apewe uji wa mtama, chakula cha dharau. Paa anakufa kwa uchungu na kutupwa kisimani, na mke, ambaye ndiye mwenye huruma, anampelekea baba yake habari, naye sultani anakuja kumlilia. Hatimaye mke anaamka yuko nyumbani kwa baba yake, na mume anaamka yuko jaani akichakura kama zamani, watoto wakimcheka. Hekaya hii haikuridhika kumtajirisha maskini; ilidai ajue fadhila, na alipoikosa ikamnyang'anya kila kitu.

Hekaya ya tatu ina uzito wa pekee kwa msomaji kijana, kwa kuwa mhusika wake mkuu ni msichana. Mzazi anapokaribia kufa anawauliza watoto wake wanachotaka kati ya mali na radhi, yaani baraka ya mzazi ambayo kwa imani ya pwani humfuata mtoto maisha yake yote. Kaka anachagua mali, dada anachagua radhi. Kaka anamnyang'anya hata kidogo alichobakiwa nacho, na siku anapokuja kuukata mboga wake, anamkata na mkono. Binti anakimbilia msituni, anaolewa na mtoto wa mfalme, anasingiziwa na kaka yake na kufukuzwa pamoja na mtoto wake mchanga, kisha anamficha nyoka ndani ya chungu chake, na kwa wema huo anaongozwa hadi kwenye ziwa ambamo mkono wake unarudi. Ndugu wa Grimm wanayo hekaya ya jamii hiyo, ya msichana asiye na mikono, lakini msichana wao anakatwa na baba yake kwa kumwogopa shetani. Msichana wa pwani anaingia matesoni kwa uamuzi wake mwenyewe, naye anayavumilia akijua alichokichagua.

Hekaya hizo zilipata wasomaji wapya kwa kupitia Andrew Lang, mwanazuoni wa Uskoti, ambaye kati ya 1889 na 1910 alitoa mfululizo wa vitabu 12 vya hekaya za mataifa mbalimbali, kila kimoja kikiitwa kwa jina la rangi. Sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri na kusimulia upya ilifanywa na mkewe, Leonora Blanche Lang, pamoja na wanawake wengine ambao majina yao hayakuwekwa kwenye majalada. Katika kitabu cha zambarau cha mwaka 1901 waliingia paa wa Sultani Darai, Hasibu na mfalme wa nyoka, na nunda mla watu. Katika kitabu cha mwisho cha 1910 waliingia kima na papa, na msichana wa mkono mmoja. Mwaka 1901 vilevile George W. Bateman alichapisha Chicago mkusanyo mwingine wa hekaya za Unguja kwa Kiingereza. Watoto waliokua katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 wakisoma vitabu vya Lang walilipata zimwi la Unguja katika rafu moja na majitu ya Norwei, na asili yake ikatajwa kwa maelezo mafupi tu.

Mmoja wa waliovisoma vitabu hivyo utotoni alikuwa J. R. R. Tolkien. Tarehe 8 Machi 1939, akiwa amekwisha kuchapisha The Hobbit na kabla ya kukamilisha The Lord of the Rings, alitoa katika Chuo Kikuu cha St Andrews mhadhara wa kumkumbuka Lang, uliochapishwa kwa urefu mwaka 1947, ambamo alitetea fantasia kuwa sanaa ya watu wazima kama ilivyo ya watoto, na kueleza kwamba mtunzi hodari huumba ulimwengu wa pili ambao akili ya msomaji huweza kuingia na kuuamini. Alipotafuta mpaka kati ya hekaya za maajabu na hurafa, mfano mmoja aliouchukua ulikuwa ule wa moyo wa kima, akaueleza wazi kuwa ni kisa cha Kiswahili. Kwa hukumu yake kisa hicho ni hurafa, na Lang alikiweka kitabuni kwa sababu ya wazo la moyo unaokaa nje ya mwili, wazo la kale linalopatikana katika hekaya nyingi za dunia. Hukumu hiyo yaweza kupingwa, lakini jambo la kihistoria halipingiki: fantasia ya kisasa ilipokuwa ikijitafutia maana yake, hekaya ya wasimulizi wa Unguja ilikuwa mezani.

Wakati huo huo Kiswahili kilikuwa kikijenga maktaba yake ya maajabu. Alfu Lela Ulela ilitafsiriwa na kuenea shuleni, na mwaka 1952 Shaaban Robert, mwandishi wa Tanga, alichapisha Adili na Nduguze, ambayo ni usimulizi upya wa kisa kimoja cha mkusanyo huo. Ndugu waovu, ambao katika kisa cha asili wanageuzwa mbwa, kwake ni manyani wanaopigwa kila usiku. Majina yao, Hasidi na Mwivu, yanatangaza tabia zao, na uovu wao unaelezwa kama maradhi ya nafsi. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ametoa Kusadikika, riwaya ya nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashitakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Chini ya utawala wa kikoloni nchi ya kubuni ilimwezesha mwandishi kuuhoji uonevu bila kuutaja mtawala, na kwa njia hiyo Shaaban Robert alithibitisha kwamba fantasia ni mlango mwingine wa kuingilia katika mambo ya dunia hii.

Katika lugha ya Kiingereza usimulizi upya wa hekaya ulipata nguvu mpya tangu miaka ya 1970. Robin McKinley alitoa Beauty mwaka 1978, akilifanya riwaya nzima lile simulizi la binti na mnyama; Angela Carter alitoa The Bloody Chamber mwaka 1979; na mwaka 1997 Gail Carson Levine, katika Ella Enchanted, aliueleza utii wa binti wa mama wa kambo kuwa ni laana ambayo lazima aivunje mwenyewe. Waandishi hawa walimpa msichana wa hekaya nia na sauti, na wasomaji vijana wakawafuata kwa maelfu. Inafaa kukumbukwa kwamba msichana wa mkono mmoja alikuwa amekwisha kupewa nia hiyo na msimulizi wa Unguja zaidi ya miaka mia moja kabla yao, pale alipochagua radhi.

Historia hii inawawekea waandishi na wachapishaji wa Kiswahili wajibu ulio dhahiri. Maneno yaliyohifadhiwa na Steere yamekuwapo kwa zaidi ya miaka 150, katika Kiswahili chenyewe, na ndani yake zimo mbegu za riwaya ambazo kijana wa Mombasa, Dodoma au Bujumbura angezisoma bila kuhitaji kuwazia theluji na ngome za Ulaya: paa anayemwamini mtu asiyestahili, binti anayepoteza mkono na kubaki na baraka, kima anayepanda juu ya rafiki asiyemjua vyema. Anayezitunga upya hekaya hizi leo haigi mtindo uliobuniwa ng'ambo. Anaendeleza kazi iliyofanywa na waliomgeuza mamba kuwa papa, na iliyofanywa tena na Shaaban Robert kwa kalamu. Na kijana anayependa fantasia ana haki ya kuipata kazi hiyo katika lugha iliyoibeba tangu mwanzo.