Taa zinazocheza na muziki: zinavyofanya kazi na namna ya kuziunda hapa Moshi

Zile video za nyumba inayowaka taa kwa kufuata mdundo wengi tumeziona. Aliyeupa mchezo huu jina ni Mmarekani Carson Williams wa mji wa Mason, Ohio. Krismasi ya 2004 alipamba nyumba yake kwa taa kama 16,000 zilizogawanywa kwenye chaneli 88, na video yake ikazunguka dunia mwaka 2005. Wamarekani wengine wakauhamishia kwenye Halloween, 31 Oktoba, wakaweka mafuvu na maboga yanayoimba. Huku mlimani tarehe hiyo Walutheri wanakumbuka Matengenezo ya Kanisa ya 1517, na boga kwetu ni la kula. Sisi msimu wetu ni Desemba, watu wa Dar na Mwanza wanaporudi Rombo, Marangu, Machame na Kibosho, na kila nyumba inataka kung'aa.

Kwanza tuelewane jambo moja: taa zile hazisikilizi muziki. Zipo za bei poa zenye maiki ndani, lakini hizo zinaruka kwa kelele yoyote, hata mbwa akibweka. Zile za kwenye video zinafuata ratiba iliyopangwa mapema, sekunde kwa sekunde. Kazi ngumu ni kufanya ratiba ya taa na wimbo vitembee pamoja mpaka mwisho.

Hapo ndipo vijana wengi wanakwama. Mtu anaandika ratiba kwenye Arduino Uno, halafu wimbo anaupiga kwenye simu, na vyote anavianzisha kwa mkupuo. Saa ya ndani ya Uno inaweza kupishana kwa kama asilimia 0.5. Inaonekana ndogo, ila kwa wimbo wa dakika 3 hiyo ni sekunde 0.9. Kama wimbo una midundo 120 kwa dakika, taa zimeachwa karibu midundo miwili. Watazamaji hawatajua kosa ni nini, wataona tu kwamba haipendezi.

Mwenye hela ananunua Raspberry Pi na kutumia programu za bure xLights na Falcon Player. Mashine hiyo moja inapiga wimbo na kuamrisha taa, hivyo hazipishani. Ni njia nzuri, sina ubishi nayo. Lakini kwa mfuko wa msela wa kawaida, mimi naipenda zaidi hii ifuatayo.

Faili la stereo lina pande mbili. Weka wimbo upande wa kushoto, na upande wa kulia weka amri za taa. Kwa kuwa vyote vimo kwenye faili moja, haviwezi kuachana hata wimbo ukiwa wa saa nzima. Amri zenyewe ni zile toni za simu unazosikia ukibonyeza namba. Programu ya bure ya Audacity inazitengeneza: fungua menyu ya Generate, chagua DTMF. Unaweza kuifanya kazi hii kafe na kuondoka na faili kwenye flashi.

Wa kuzitafsiri toni ni chipu inaitwa MT8870. Ipo ya peke yake, na ipo iliyokwisha kufungwa kwenye kibao chenye tundu la waya wa sauti. Chukua hiyo ya kibao, itakupunguzia kuchoma risasi. Inatoa njia nne. Toni ya 1 inawasha kundi la kwanza, 2 la pili, 4 la tatu, 8 la nne. Nyingine ni kujumlisha: 3 inawasha la kwanza na la pili, 9 la kwanza na la nne. C inawasha yote, D inazima yote. Jumla ni mipangilio 16, na kila mmoja unabaki hivyo hivyo mpaka toni nyingine ije.

Kwa wimbo wa midundo 120, andika 1248, weka urefu wa sekunde 1.6 na sauti asilimia 20. Utapata toni nne za sekunde 0.1, moja kila nusu sekunde. Wimbo ugeuze mono kisha usukume wote kushoto, toni zote kulia. Hifadhi kama WAV ya stereo.

Tumia ule waya wa hedfoni wenye vichwa viwili: mweupe ni kushoto, uende kwenye sabufa, mwekundu ni kulia, uende kwenye kibao.

Taa tumia za mkanda za volti 12. Chanya zote ziungane kwenye volti 12. Hasi ya kila kundi ipite kwenye transista TIP122, ambayo mguu wake wa beisi unapata amri ya chipu kupitia rezista ya kilo-omu 1. Hasi ya taa na ya kibao ziungane. Volti 5 za chipu utazipata kwa 7805, ambayo fundi redio yeyote anaijua.

Hapa sitanii: umeme wa volti 230 usiupeleke nje kwenye majani. Desemba huku juu ukungu na manyunyu ni vya kawaida, na watoto watazishika taa tu. Transfoma ikae ndani, nje zitoke volti 12 peke yake. Na taa alizotuma shangazi kutoka Marekani ni za volti 120, ukizichomeka moja kwa moja zinaungua.

Makundi manne ya mita 2, kwa mkanda wa wati 4.8 kwa mita, ni kama wati 38 yote yakiwaka. Saa nne kwa usiku hazifiki hata uniti 0.2 ya LUKU. Umeme ukikatika, betri ya volti 12 ya Ah 7 itakusogeza saa moja hivi bila kuikausha.

Williams alirusha muziki wake kwa redio ndogo ya FM. Kwetu masafa yanasimamiwa na TCRA, sabufa inatosha.

Mwisho, simu iweke hali ya ndege na uzime ekwalaiza. Shemeji akipiga katikati ya wimbo, toni zinakatika na taa zinaganda pale pale.