Buldogi wa Kifaransa: mbwa aliyevuka bahari na mafundi wa lesi

Nimeona wengi mkiicheka ile picha ya kijibwa chenye masikio kama ya popo na uso uliokunjamana, na mmoja wenu akaandika kuwa huyo ni mbwa wa Wafaransa. Kwa jina ni kweli, anaitwa buldogi wa Kifaransa. Lakini kwao siyo Ufaransa, na safari yake inatuhusu kidogo sisi tuliovuka mipaka.

Tuanzie Uingereza. Zamani kule kulikuwa na mchezo wa kikatili sana: fahali anafungwa kamba kwenye nguzo, halafu mbwa wanaachiwa wamuume puani na wasimwachie. Watu wamezunguka, wanawekeana pesa. Jina buldogi limetoka hapo, maana "bull" kwa Kiingereza ni fahali. Mwaka 1835 Bunge likapiga marufuku mchezo huo, mbwa akabaki hana kazi. Basi wafugaji wakawa wanazalisha wale wapole, wale wakali wanaachwa. Wengine wakatafuta wadogo zaidi, wa kukaa ndani. Hazikupita enzi nyingi, mbwa wa kumng'ang'ania fahali akawa wa kulala miguuni mwa bibi. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu tunasikia sana watu wakidai kwamba ukali uko kwenye damu. Kwa huyu mbwa, ukali uliwekwa na binadamu na ukaondolewa na binadamu.

Hao wadogo walipendwa na mafundi wa lesi wa mji wa Nottingham. Lesi ni kile kitambaa chenye matundu na maua mnachokiona kwenye magauni ya harusi. Mashine zilipokuja, wengi wakakosa kazi, wakavuka kwenda kaskazini mwa Ufaransa, Calais na Normandy, kutafuta riziki, na mbwa wao wakiwa nao. (Mnajua wenyewe: mtu anaondoka na anachoweza kubeba, pamoja na kile ambacho moyo umekataa kukiacha.) Ugenini hakukuwa laini. Mwaka 1848 mapinduzi yalipotokea Ufaransa, kazi zikakwama, wenyeji wakawageukia Waingereza, na mamia ya mafundi wa Calais na familia zao wakapanda meli kwenda Australia. Watu walichukiwa, kumbe mbwa wao wakapendwa! Kule Paris walifugwa na wauza nyama, wenye migahawa na wasanii. Mchoraji Toulouse-Lautrec alimchora mmoja mwaka 1897, jina lake Bouboule, wa mama mmoja mwenye mgahawa.

Halafu ukaja ugomvi wa masikio. Waingereza walitaka yaliyokunjwa nyuma, Wamarekani matajiri waliokuwa wakiwanunua mbwa hao Paris walitaka yaliyosimama. Mwaka 1897 kwenye maonyesho ya New York ushindi ukapewa masikio ya kukunjwa. Wamarekani wakakasirika, wakaunda chama chao, na mwaka 1898 wakafanya maonyesho yao wenyewe kwenye hoteli ya kifahari, Waldorf-Astoria. Masikio ya popo yakashinda mpaka leo. Na mbwa huyu aliporudishwa Uingereza, wafugaji wengi wa buldogi hawakumtaka, eti ana jina la Kifaransa. Mtoto wa nyumbani anaambiwa ni mgeni!

Kwa tabia ni mbwa wa watu. Ni mfupi, mnene wa kifua, kilo 13 hivi au chini yake. Habweki ovyo, anapenda kuchezewa, na ukimwacha peke yake anaumia. Ukimfundisha kwa nguvu anakaa tu anakutazama.

Ila uso ule mnaoucheka una gharama. Njia ya hewa imebanwa, ndo maana anakoroma. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, sasa huyu asiyehema vizuri joto linaweza kumuua. Mashirika mengi ya ndege hayakubali kumpakia sehemu ya mizigo. Majike wengi huzaa kwa upasuaji, kwa sababu watoto wana vichwa vikubwa na nyonga za mama ni nyembamba. Uholanzi tangu 2019 imebana sana uzalishaji wa mbwa wenye pua fupi kupita kiasi. Marekani ni kinyume: mwaka 2022 huyu ndiye aliyeongoza kwa kuandikishwa kwenye chama cha American Kennel Club, akamshusha Labrador aliyekaa juu miaka 31.

Kuna aliyeuliza kama tunaweza kumfuga hapa kambini. Mimi nasema hapana. Saa nane mchana chini ya mabati haya angeteseka bure, na daktari wa mifugo wa kumpasua akitaka kuzaa tutamtoa wapi? Hawa mbwa wetu wa kienyeji wenye pua ndefu wanahema vizuri tu.